Roz, mama wa chuma asiyezungumza Kiswahili

Masumbwe, wilayani Mbogwe, imekaa kandokando ya barabara kuu inayotoka Isaka na Kahama kuelekea Ushirombo hadi mpaka wa Rusumo. Malori ya Rwanda, Burundi na Kongo hupita hapo usiku na mchana. Ukitembea mjini utakutana na gereji, mama lishe, maduka ya vipuri vya karasha za kusagia mawe na wanunuzi wa dhahabu. Jumba la sinema hutaliona. Anayetaka kuona filamu kwenye pazia kubwa inambidi apande basi kwenda miji mikubwa.

Kilichopo ni kibanda umiza: mabenchi ya mbao, luninga bapa ukutani, sabufa pembeni, jenereta nje ya kusubiri umeme ukatike, na ubao wa chaki mlangoni unaotangaza mechi za leo na muvi za leo. Nyumbani nako watu hutegemea flashi iliyojazwa muvi kwa mtaalamu wa kompyuta pale stendi, au simu ya baba inayogombewa na watoto wanne. Kwa njia hizo ndipo katuni za roboti na vyombo vya angani zinapowafikia watoto wa ukanda wa dhahabu, na kwa njia hizo ndipo mabishano juu yake yanapoanzia.

Miongoni mwa katuni za miaka ya karibuni, The Wild Robot ndiyo inayostahili kubishaniwa kuliko zote. Ilianza kuonyeshwa Marekani Septemba 27, 2024, baada ya kuoneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Toronto. Ni kazi ya studio ya DreamWorks, mwongozaji ni Chris Sanders, na hadithi imetoka kwenye kitabu cha Peter Brown cha mwaka 2016. Anayebeba filamu nzima ni Lupita Nyong'o, binti aliyezaliwa Mexico City mwaka 1983 na kukulia Kenya, ambaye baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, ni gavana wa Kisumu. Kwa maneno mengine, roboti anayeliza watu duniani kote ana sauti ya mtu wa ng'ambo ya pili ya Ziwa Victoria.

Roboti huyo ni Rozzum namba 7134, kwa kifupi Roz. Ametengenezwa kiwandani ili awatumikie binadamu, lakini meli iliyombeba inapigwa na dhoruba naye anatupwa kwenye kisiwa chenye wanyama watupu. Anahangaika kutafuta wa kumtumikia, hapati. Anakaa chini siku nyingi, usiku na mchana, akisikiliza milio ya wanyama mpaka anaijua lugha yao. Katika kukimbia kwake hatari anaporomoka na kuangukia kiota cha bata bukini. Familia yote inakufa. Linabaki yai moja.

Yai hilo linaanguliwa, na kifaranga anamwona Roz kwanza kabla ya kiumbe mwingine yeyote. Basi. Kwake huyo ndiye mama.

Mtazamaji aliyekuzwa na muvi za kutafsiriwa huingia kwenye filamu yoyote na maswali mawili: stelingi ni nani, adui ni nani? Filamu hii inamchelewesha. Adui mwenye sura, roboti Vontra anayetumwa na kampuni kuja kumrudisha Roz, hatokei mpaka karibu na mwisho. Kwa muda mrefu adui ni njaa, baridi na kalenda: kifaranga, aliyepewa jina la Brightbill, lazima ajue kula, kuogelea na kuruka kabla ya ndege wenzake kuhama. Na stelingi naye anagombewa, maana wapo wanaosema ni Roz, wapo wanaosema ni Brightbill, na wapo ambao roho yao imemwangukia Fink, mbweha mwizi aliyeanza kwa kuliwinda yai lenyewe akaishia kuwa mjomba wa mtoto.

Watazamaji wa Marekani waliipa alama A katika kura ya CinemaScore, inayopigwa na watu wakiwa wanatoka ukumbini. Filamu iliyogharimu takriban dola milioni 78 iliingiza zaidi ya dola milioni 300 duniani. Mwanzoni mwa 2025 ilizoa tuzo 9 za Annie, ambazo ndizo tuzo kubwa za watu wa katuni, ikiwamo ya filamu bora na ya sauti bora kwa Lupita. Kwenye Oscar iliteuliwa katika vipengele vitatu lakini ikatoka mikono mitupu. Tuzo ya katuni ilikwenda kwa Flow, filamu ya Latvia isiyo na mtu anayezungumza hata neno moja.

Sifa hizo hazikuwazuia mashabiki kuichambua. Wapo waliosema theluthi ya mwisho, yenye maroboti yanayoshambulia na msitu unaowaka moto, imepachikwa ili kuwaridhisha wapenda vita. Wapo waliouliza swali la msingi kabisa: wanyama wote wanapokubaliana kutokulana wakati wa majira ya baridi, mbweha na dubu walikuwa wanakula nini? Swali hilo lina uzito, na filamu hailijibu. Kuhusu vita vya mwisho, mabenchi ya kibanda umiza yangetoa hukumu tofauti kabisa, kwa sababu hapo ndipo makofi hupigwa na ndipo jenereta ikizimika watu husimama wote. Hata hivyo wanaolalamika wana haki. Ufundi wa filamu hii uko kwenye nusu ya kwanza, pale ambapo hakuna kinacholipuka.

Tazama mguu wa Roz. Unakatika, na roboti wa thamani kubwa anabaki akichechemea msituni. Mnyama aitwaye Paddler, fundi wa kutafuna miti ambaye wenzake wanamcheka, anamchongea mguu wa gogo, na Roz anaendelea na safari akiwa nusu chuma nusu mti. Yeyote aliyewahi kumwona fundi wa Masumbwe akiifufua karasha kwa kipande cha chuma cha lori bovu ataielewa picha hiyo bila kufafanuliwa.

Lakini kinachoifanya filamu hii iwe ya Masumbwe kuliko hata ya Los Angeles ni suala la malezi. Ukanda huu, kuanzia Kahama na Kakola hadi Mbogwe, Bukombe na Geita yenyewe, umejengwa na watu wanaohama. Zikisikika habari kwamba mahali fulani dhahabu imeonekana, rashi inaanza: maturubai yanatandazwa, maduara yanachimbwa, mama lishe wanafuata, na baada ya miezi kadhaa mji mzima unaweza ukawa umehamia kwingine. Watoto hawawezi kuhamishwa kila mara. Wanabaki na bibi, na shangazi, na mama mdogo, na wakati mwingine na jirani ambaye hana undugu wowote na baba yao zaidi ya kuwa walishirikiana duara moja. Watoto wengi hapa wanamwita mama mwanamke ambaye hakuwazaa, na wanamwita hivyo kwa moyo mmoja.

Hadithi zetu za mdomo zimemtendea vibaya mama wa aina hiyo. Mama wa kambo katika ngano ni yule anayemnyima mtoto ubwabwa, anayemtuma maji usiku, anayemtupa mtoni. Roz ni jibu kwa ngano hizo. Anaanza akilichukulia suala la kulea kama kazi aliyopangiwa, yenye orodha ya mambo matatu ya kukamilisha, na mnyama mmoja mwenye watoto lukuki, Pinktail, ndiye anayemfumbua macho kwamba hakuna mama aliyezaliwa akiujua umama. Halafu filamu inamtwisha mzigo mzito zaidi: ndiye aliyewaua wazazi wa mtoto huyo, japo bila kukusudia. Siku Brightbill anapoujua ukweli, anamkataa. Hakuna wimbo wa kupoza. Mtoto anamgeuzia mgongo mlezi wake, na mlezi anaendelea kumfundisha kuruka kwa sababu majira hayamsubiri mtu aliyekasirika.

Onyesho la kuondoka kwa ndege ndilo linalotajwa zaidi na waliolia. Roz anakimbia na mtoto wake hadi ukingo wa jabali, kifaranga anashika hewa, anajiunga na kundi, naye anabaki amesimama akiliangalia anga. Watu wa Usukuma na Usumbwa hawahitaji kuelezwa habari za ndege wanaohama. Korongo weupe na mbayuwayu wa Ulaya huja Tanzania kila mwaka kukimbia baridi ya kwao. Mfasiri mzuri angeweza kuwaambia watoto kwamba Brightbill na wenzake wana binamu zao wanaotua kwenye majaruba ya hapa, na mtoto angetoka nje kesho yake akitazama juu.

Hapo ndipo penye tatizo. Mfasiri huyo hayupo.

Tanzania ina utamaduni wa kutafsiri filamu ambao hata wasomi wa nje wameuandikia. Kapteni Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alijijengea jina kwa kuweka sauti yake ya Kiswahili kwenye mikanda ya video: mtu mmoja anaigiza wahusika wote, anafafanua, anatania, anaipeleka New York ikafika Temeke. Kenya ilimpata DJ Afro, Uganda ikampata VJ Jingo kwa Kiganda. Kazi yao ndiyo iliyowafanya wachimbaji, makuli na wakulima wa pamba wawe wapenzi wa sinema bila kujua Kiingereza. Ila wafasiri hawa walifuata soko, na soko la kibanda ni ngumi, bunduki na mapenzi ya Kihindi. Katuni ya mama na mtoto huonekana kuwa mambo ya kitoto, kwa hiyo inabaki na Kiingereza chake. Aidha, kazi hizo kwa sehemu kubwa zimefanyika bila ruhusa ya wenye filamu, ilhali Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuamua nani aitafsiri. Kwa hiyo kutegemea kibanda peke yake si suluhisho.

Matokeo yake ni kwamba mtoto wa darasa la tatu Masumbwe anaiona The Wild Robot kama sinema bubu yenye kelele. Anacheka mbweha akianguka. Anashtuka moto ukiwaka. Yale mazungumzo ya Pinktail na Roz juu ya umama yanampita, na ndiyo roho ya filamu. Lupita amewahi kueleza kwamba alianza kumjenga Roz kwa kusikiliza sauti za wasaidizi wa kwenye simu, zile zinazochangamka muda wote, kisha akairekebisha polepole kadiri roboti anavyopata hisia. Asiyeijua lugha atahisi kwamba sauti imebadilika, ila sababu haitamfikia.

Mtu asiseme haiwezekani. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina ya Doudou na Mama Wakwe Zake ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, na ikapendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. StarTimes ikaja na mashindano ya kutafuta vipaji vya kuingiza sauti. Azam TV ikawaletea Watanzania tamthilia za Kituruki kwa Kiswahili, na mpaka leo utawakuta watu wazima wakizungumza habari za Sultan kama za jirani. Studio zipo, waigizaji wa sauti wapo, watazamaji wapo.

Upande wa watoto nako kumeanza. Ubongo Kids, iliyotengenezwa Dar es Salaam na kuanza kurushwa TBC1 Januari 2014, imefundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili, na mdogo wake, Akili and Me, ina binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Kenya ikatoa Super Sema mwaka 2021, hadithi ya msichana anayepambana na roboti dhalimu aitwaye Tobor, Lupita akiwa mmoja wa wazalishaji wake wakuu. Julai 2023 likaja jambo la kushangaza na kuumiza kwa pamoja: Kizazi Moto, filamu fupi 10 za katuni za kubuni kuhusu Afrika ya kesho, mojawapo ikiwa Herderboy ya Raymond Malinga wa Uganda yenye wachunga ng'ombe waliounganishwa na mashine. Wasukuma wangeipenda kufa. Jina la mkusanyiko ni la Kiswahili, lakini ulitolewa na Disney+, huduma ambayo wakati huo haikuwa imefunguliwa rasmi Tanzania. Tumewapa jina, wao wamekula na wengine.

Lupita si mgeni kwenye nafasi hii. Mwaka 2016 alikuwa sauti ya Raksha, mbwa mwitu jike anayemlea mtoto wa binadamu katika The Jungle Book. Mara mbili sasa ameipa dunia mama ambaye hakumzaa mtoto anayemlea, na mara zote mbili wanaomfahamu mama huyo kwa karibu kuliko wote, yaani mabibi na mashangazi wa vijiji vya wachimbaji, hawakusikia alichosema.

Peter Brown ameandika riwaya mbili zaidi za Roz, kwa hiyo hadithi haijaisha. Universal na DreamWorks, wenye haki za filamu hii, wakae na vituo vyetu vya televisheni waipatie sauti za Kiswahili kihalali, kwa bei ambayo kituo cha hapa kinaweza kuilipa. Vituo navyo visisubiri kubishiwa hodi. Vilivyoweza kuzungumza na Istanbul na Beijing vinaweza kuandika barua Los Angeles. Na wakitafuta wa kuanza naye kwenye nafasi ya Roz, wamuulize Lupita mwenyewe kwanza. Kiswahili anakijua.