Simika darubini uani, ila chunga nyaya zisitafunwe na panya

WATOTO wa majirani walikuwa wamepanga foleni uani, kila mmoja akisubiri zamu ya kuziona pete za sayari ya Zohali. Kabla ya mtoto wa tatu kufikiwa, mota ya darubini ilinyamaza na Zohali ikateleza polepole hadi ikatoweka kwenye kioo. Nilipomulika nyasini kwa kurunzi, niligundua kiini cha hitilafu: waya wa umeme ulikuwa umetafunwa na panya hadi shaba ikabaki wazi.

Kisa hicho, kilichonipata viungani mwa mji wa Nanyuki, kilinifunza kwamba kununua darubini ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuisimika ipasavyo na kuilinda dhidi ya viumbe wanaoamka sisi tunapolala.

Wakenya wana bahati ya pekee katika utazamaji wa nyota. Kwa kuwa nchi yetu imepitiwa na ikweta, makundi yote 88 ya nyota yanayotambuliwa na wanafalaki huonekana kutoka hapa katika kipindi cha mwaka, ya kaskazini kwa ya kusini. Wakazi wa Ulaya hawana fursa hiyo.

Hata hivyo, bahati hiyo huandamana na tatizo. Vitako vingi vya darubini viuzwavyo ng'ambo vimebuniwa kuelekezwa kwenye nyota ya kaskazini, ambayo kwetu hukaribia kugusa upeo wa macho na mara nyingi hufichwa na vilima au ukungu. Isitoshe, vingi havilali chini kiasi hicho. Kwa hivyo, anayeanza ni heri achague kitako kinachozunguka kushoto na kulia, kisha kupanda na kushuka. Aina rahisi zaidi ni ile iliyopata umaarufu kupitia kwa Mmarekani John Dobson. Ni sanduku la mbao lisilohitaji umeme wala waya wowote.

Mahali pa kusimika pawe udongo mgumu au nyasi, mbali na taa za barabarani. Saruji na mabati hutoa joto usiku na kuifanya picha itetemeke. Itoe darubini nje nusu saa kabla ya kutazama ili ipoe. Darubini ndogo ya kulengea ilinganishwe mchana, kwa kutumia mlingoti au mti ulio mbali, kamwe si jua.

Kwa darubini yenye mota na kompyuta, hakikisha kitako kimelala sawa, kisha ingiza mahali ulipo, tarehe na saa. Hapa wengi hukosea. Saa mbili usiku kwa Kiswahili ni 20:00 kwenye mtambo, nayo Kenya iko mbele ya saa za kimataifa kwa saa 3. Ukikosea, darubini itakuelekeza kwenye anga tupu.

Ili kujua ukuzaji, gawanya urefu wa mwonzi wa darubini kwa ule wa kioo cha jicho. Darubini ya milimita 1,200 na kioo cha milimita 25 hukuza mara 48, kiasi cha kutosha kuziona pete za Zohali. Pete hizo zilikuwa zimetugeuzia ukingo wake mwembamba mnamo Machi 2025, na tangu hapo zinaendelea kufunguka.

Sasa turejee kwa nyaya. Meno ya mbele ya panya na kuchakuro hayakomi kukua, hivyo wanyama hao hulazimika kutafuna ili kuyapunguza. Plastiki laini ya waya huwafaa sana, hasa ikiwa imeshikwa kwa mikono yenye mafuta ya chakula. Nao mchwa hupenya ardhini na kula ganda la waya uliozikwa bila kinga.

Kinga bora ni kutouacha waya nje. Ukimaliza kutazama, ukunje na uufungie ndani ya debe lenye kifuniko. Kama darubini ni ya kudumu, pitisha waya ndani ya paipu ya chuma au plastiki ngumu, iliyozikwa yapata sentimita 50. Ziba midomo ya paipu kwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, maana panya hawapendi kuzitafuna. Nguzo ya kitako iwe ya zege badala ya mbao, na ikaguliwe kila mwezi kama ina vichuguu vya mchwa.

Tumia betri ya volti 12 yenye fyuzi badala ya kuvuta umeme wa volti 240 hadi uani. Waya wa volti 240 ukitafunwa juu ya nyasi zenye umande, mtoto anayepita miguu mitupu anaweza kupoteza maisha. Ikiwa huna budi kuutumia, mwite fundi aliyeidhinishwa aweke swichi inayokata umeme yenyewe hitilafu inapozuka.

Aidha, epuka sumu ya panya. Bundi akila panya aliyekula sumu, naye anaweza kufa. Ndege huyo, ambaye wengi humfukuza kwa mawe wakiamini analeta mkosi, ndiye askari wa usiku asiyedai mshahara.

Wanaoishi karibu na mbuga wakumbuke pia usalama wao. Taa nyekundu hulinda macho yaliyozoea giza, lakini kabla ya kutoka nje mulika ua wote kwa taa nyeupe, kwani fisi na ndovu hawabishi hodi.

Mnamo Novemba 3, 2013 watu walimiminika Turkana kushuhudia jua likipatwa. Agosti 2, 2027 jua litapatwa tena, na nchini Kenya sehemu yake tu ndiyo itakayofunikwa. Anayetaka kulitazama kwa darubini sharti afunike mdomo wake wa mbele kwa kichujio maalumu cha jua. Bila hicho, jicho linaweza kupofuka mara moja, nalo halina fundi wa kulirekebisha kama waya.