Contessa 32: hesabu za mashua ndogo ya faiba

Contessa 32 ni mashua ya matanga iliyochorwa na David Sadler, ikaanza kuundwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika karakana ya Jeremy Rogers huko Lymington, kusini mwa Uingereza. Ina urefu wa mita 9.75, ila sehemu inayolala majini ni mita 7.3 tu, kwa kuwa omo na tezi zimechomoza juu ya maji. Upana wake ni mita 2.9. Uzito ni kilo 4,300 hivi, na zaidi ya 2,000 kati ya hizo ni farumi.

Bodi lake ni la faiba, yaani vitambaa vya nyuzi za kioo vilivyoloweshwa gundi ya poliesta. Fundi hupaka nta ndani ya kalibu, hutandika rangi ya nje kwanza, kisha vitambaa tabaka kwa tabaka. Gundi ikikauka, bodi hutolewa zima, bila maungio wala haja ya kalafati, na kalibu ileile huzaa mamia ya mabodi yanayofanana. Nyuzi hustahimili mvuto. Gundi huzishikanisha na kuzilinda. Faiba haiozi kama mbao, lakini maji hupenya polepole na baada ya miaka huweza kuleta malengelenge chini ya rangi.

Mwendo wa mashua ya aina hii hutawaliwa na urefu wake majini. Kila inapoongeza kasi, wimbi inalolitengeneza hurefuka, hadi chombo kikawa kimekaa ndani ya bonde la wimbi lake chenyewe. Kwa mita 7.3, kikomo hicho ni kama noti 6.5. Ikilala upande, tezi na omo huzama kidogo, urefu wa majini ukaongezeka, na kasi nayo.

Jambo zito zaidi ni namna mashua inavyojisimamisha. Jahazi tupu hupakia farumi ya mawe au mchanga na kuitoa likipata shehena. Mashua ya safari hubeba yake daima, chini kabisa kwenye mkuku. Upepo ukiilaza, uzito huo huivuta irudi wima. Udogo ndio unaoleta taabu. Vipimo vyote vikipunguzwa kwa nusu, nguvu ya upepo ya kuilaza mashua hupungua mara 8, ilhali uwezo wake wa kujisimamisha hupungua mara 16. Ndiyo sababu mchoro wa meli kubwa haupunguzwi tu ukawa mashua: chombo kidogo hudai matanga madogo zaidi kwa kimo chake, au farumi nzito zaidi.

Ipo njia ya tatu, nayo ni kutanua bodi. Chombo kipana husimama imara katika upepo wa kawaida na huwa na vyumba vya kupendeza. Kikishapinduka, hata hivyo, upana uleule hukifanya kitulie mkuku ukitazama mbingu. Sadler alichagua wembamba na ubavu mfupi. Contessa hulala mapema kisha hukaza. Sitaha hulowa inapobisha, na ndani mtu mrefu huinamisha kichwa. Kwa bahari ya wazi, hiyo ni biashara nzuri.

Agosti 1979, mashua 303 zilianza mashindano ya Fastnet, kutoka Cowes hadi mwamba ulio kusini mwa Ayalandi na kurudi Plymouth. Tufani ilizikuta njiani, na washindani 15 walikufa. Wakati huo kanuni za mashindano zilipendelea mashua nyepesi na pana, zisizo na farumi nyingi. Katika daraja la mashua ndogo kabisa, iliyomaliza ni moja tu: Assent, Contessa 32.

Uchunguzi uliofuata uliilinganisha Contessa na mashua nyepesi ya mashindano yenye ukubwa unaokaribiana. Ile nyepesi ilipoteza uwezo wa kurudi wima ilipolazwa takriban digrii 117, ambapo 90 ni mlingoti kugusa maji. Contessa ilifika takriban 155, kwa hiyo hata ikigeuzwa juu chini, wimbi dogo latosha kuirudisha. Tena mashua kadhaa zilivunjikiwa usukani katika tufani ile. Wa Contessa umeegemezwa kwenye pezi imara lililounganika na bodi.

Leo pembe hiyo hupimwa rasmi. Kiwango cha kimataifa ISO 12217 huitaka mashua ya matanga ya daraja A, lile la bahari kuu, ifikishe digrii 130 kutoa 0.002 kwa kila kilo ya uzito wake, bila kushuka chini ya 100. Kwa mashua ya kilo 4,300, hesabu hiyo hutoa digrii 121.4.