Hodi katika Simu

Desturi ya hodi si ngeni kwetu Pemba. Mgeni haingii kwa kuona mlango u wazi, hungoja akaribishwe. Msingi wa adabu hii ni Sura An-Nur, aya ya 27 na 28: tusiingie nyumba za watu bila ya ruhusa, na tukiambiwa turudi, turudi.

Leo simu nazo hupigiwa hodi. Programu yauliza: waniruhusu nijue ulipo? Wengi hukubali pasina kujua wamkaribishaye ni nani.

Mnamo Novemba 2020 jarida la Motherboard lilifichua ya kuwa Muslim Pro, programu ya nyakati za Sala na kibla iliyomo katika mamilioni ya simu, ilikuwa ikiipelekea kampuni ya X-Mode khabari za mahali walipo watumiaji. Miongoni mwa wateja wa kampuni hiyo walikuwamo makandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye programu wakatangaza kuukata uhusiano huo.

Basi idhini ni nini? Sheria ya Kenya ya 2019 ya kulinda taarifa yaeleza: iwe ya wazi, ya hiari, kwa jambo maalumu, na mwenyewe awe ajua analolikubali. Aliyetoa ruhusa ili ajue wakati wa Alasiri hakuruhusu nyendo zake ziuzwe. Mgeni aliyekaribishwa barazani hakukaribishwa chumbani. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Tena tuitazame haja yenyewe. Makka iko kaskazini yetu, karibu katika mstari ulionyoka, na wazee wetu walikijua kibla bila ya simu. Nyakati za Sala nazo hazihitaji kujua u nyumba gani. Yatosha kuandika Chake Chake au Wete. Ikibidi kuruhusu, chagueni iwe wakati programu inapotumika tu.

Wazazi, fungueni mipangilio ya simu zenu na za watoto, mtazame programu zilizopewa ruhusa ya mahali. Isiyo na haja iondoleeni. Ajuaye ulipo kila saa ajua pia nyumba yako i tupu lini.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi na majumba yetu. Amin.