Kura ya Kiranja: Somo la Uraia Katika Shule za Msingi

Samaki mkunje angali mbichi, walinena wahenga. Raia wa Kenya hupata haki ya kupiga kura atimizapo miaka 18, lakini tabia njema ya kupiga kura haiji pamoja na miaka hiyo. Yapasa ifundishwe mapema.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini mwaka 2019, umeuweka uraia miongoni mwa mambo saba ya msingi ambayo kila mwanafunzi atakiwa ayapate. Hata hivyo, mtoto aweza kukariri kitabu kizima asijue maana ya kura. Somo lililo bora ni uchaguzi wa kiranja wa darasa, endapo mwalimu ataufanya kwa haki.

Kwanza, kila mtoto apewe karatasi moja tu, aliye hodari na aliye mzito wa kusoma sawasawa. Mwezi wa Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao 8 wa Baraza la Kutunga Sheria, mwenye elimu, mali au utumishi mrefu aliweza kupata hadi kura 3, na watu wengi hawakupata hata moja. Kanuni ya kila mtu mzima kura moja ilifuatwa katika uchaguzi wa Mei 1963.

Pili, kura iwe ya siri. Mwalimu asiwaambie watoto wainue mikono, kwa maana mnyonge humtazama mwenye nguvu kabla ya kuuinua wake. Mwaka 1988 wanachama wa KANU waliteua wagombea wao kwa kusimama foleni hadharani, na jambo hilo likaitwa mlolongo. Jirani, mwajiri na chifu waliweza kuona kila mtu amesimama nyuma ya nani.

Tatu, sanduku lionyeshwe kuwa tupu kabla ya kura, na hesabu ifanywe mbele ya wote, kisha ibandikwe ukutani. Ndivyo ilivyo katika vituo vya kura vya watu wazima, ambamo matokeo ya kura ya Rais huandikwa katika Fomu 34A na kubandikwa hadharani.

Nne, na hili ndilo gumu kupita yote, mtoto aliyeshindwa afundishwe kushindwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,000 waliuawa katika ghasia. Mwaka 2017 malalamiko juu ya uchaguzi wa Rais yalipelekwa Mahakama ya Juu, nayo tarehe 1 Septemba ikaufuta uchaguzi huo. Basi mtoto mwenye shaka na ahesabiwe kura upya mbele ya macho yake. Akiridhika, ampe mshindi mkono.

Mshindi naye ajue kwamba ukiranja si fimbo ya kuwapigia wenzake. Kila mwisho wa muhula asimame mbele ya darasa aulizwe aliyoyatenda.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto aliyefundishwa haki shuleni, kisha akamwona baba yake akiuza kura yake kwa pakiti ya unga, atalifuata somo la baba. Walimu na wazazi wakisema neno moja, nchi itapata wapiga kura wasioogopa wala kununuliwa.