Mkimbizi aliyeigundua kasoro ya mashine

MZAZI aliyerejea kutoka Kigoma anaujua uchungu wa mtoto aliyefaulu hesabu Tanzania kurudishwa madarasa ya chini huku Burundi, kwa sababu tu Kifaransa kinamshinda. Watoto wa namna hiyo nimewafundisha hapa Rumonge, na mimi mwenyewe nilisoma ukimbizini. Ndiyo maana habari za Timnit Gebru sikuzisoma kama habari za Marekani.

Mama huyu, mmoja wa watu mashuhuri duniani katika akili mnemba, alizaliwa Addis Ababa kwa wazazi wenye asili ya Eritrea. Baba yake, mhandisi wa umeme, alifariki binti akiwa na miaka mitano. Vita vya Ethiopia na Eritrea vilipozuka mwaka 1998, wenye asili ya Eritrea walianza kufukuzwa, naye akakimbia akiwa na miaka 15. Alipitia Ireland kabla ya kupata hifadhi Marekani. Huko, kwa maelezo yake mwenyewe, baadhi ya walimu walimkatalia masomo ya ngazi ya juu ingawa alikuwa hodari. Walimu wenzangu, mnasikia?

Hakukata tamaa. Alisomea uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Stanford, akafanya kazi Apple, kisha akapata shahada ya uzamivu mwaka 2017.

Mwaka uliofuata, yeye na Joy Buolamwini, mwenye asili ya Ghana, walichapisha utafiti kuhusu programu za kampuni kubwa zinazotazama picha ya uso na kusema kama ni ya mwanamume au mwanamke. Kwa wanaume weupe, makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7! Hapakuwa na uchawi. Mashine hujifunza kwa picha inazoonyeshwa, na makusanyo ya picha yalijaa watu weupe.

Ndugu zetu walioandikishwa kambini kwa alama za vidole na mboni za macho wanaelewa uzito wa jambo hilo. Ile hupima mboni, hizi husoma sura, lakini swali ni lilelile: mashine ikikukana, unamlalamikia nani?

Google ilimwajiri kuwa mmoja wa viongozi wa kikosi cha maadili. Desemba 2020 akaondoka kwa mtafaruku. Yeye anasema alifukuzwa. Kampuni ilisema alijiuzulu. Kisa kilikuwa andiko aliloshiriki, lililofananisha programu kubwa za lugha na kasuku, kwamba hupanga maneno bila kuyaelewa. Nasi kasuku tunamjua: akifugwa kwenye nyumba ya matusi, hutukana.

Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2021, alianzisha taasisi yake ya utafiti, DAIR, kwa misaada ya dola milioni 3.7. Kwa kampuni kubwa hizo ni fedha za chai. Lakini mmoja wa watafiti wake, Asmelash Teka Hadgu, ni mwanzilishi mwenza wa Lesan, kampuni ndogo inayotafsiri Kiamhari na Kitigrinya. Maandishi ya lugha hizo kwenye intaneti ni machache, hivyo wakatumia pia yaliyochapishwa kwenye karatasi, wakiyapiga picha na kuyaingiza kwenye kompyuta.

Majirani zetu wa Rwanda nao wamechangia zaidi ya saa 2,000 za sauti za Kinyarwanda kwenye mradi wa Common Voice wa Mozilla, watu wa kawaida wakisoma sentensi kwa simu. Je, Kirundi chetu, na hiki Kiswahili cha wauza mawese na ndagala, nani atakisomea mashine?