Majani ya kutibu mdomo na ngozi: yanafaa wapi, yanaishia wapi?



Tukizunguka kwenu huku Busia na Malaba, kina mama hutuuliza: hii dawa ya majani ni ya kweli ama ni maneno tu? Sisi tunasema nyingine ni ya kweli kabisa, ila kila moja ina mahali inapoishia.

Tuanze na mdomo. Ule utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, unaoshika ulimi na mashavu kwa ndani, ni fangasi. Huko Afrika Kusini wataalamu waliwatibu wagonjwa 90 wenye virusi vya ukimwi waliokuwa na utando huo. Wengine walipewa maji ya limau, wengine mchaichai, wengine GV, ile dawa ya zambarau tunayoijua sote. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: limau lilifanya vizuri kuliko GV, na mchaichai pia ulisaidia. Basi mchaichai ulio nyuma ya jikoni si wa chai peke yake. Chemsha majani, acha yapoe, sukutua mdomo mara kadhaa kwa siku. Bila sukari, tafadhali, maana fangasi nayo inapenda sukari. Limau lichanganye na maji, kwa sababu likikutana na kidonda linachoma. Mtoto mchanga usimjaribie haya, mpeleke kliniki.

Lakini sikilizeni vizuri hapa. Mtu mzima akipata utando huo, ukaisha, kisha ukarudi, majani hayatoshi. Mara nyingi ni mwili unaosema kinga imepungua. Aende apimwe ukimwi, iwe ni Kocholia, Nangina au hospitali ya Busia mjini. Tena akiona uchungu anapomeza chakula, fangasi huenda imeshuka kooni, na hapo anahitaji vidonge vya hospitali. Anayetumia ARV asiziache eti kwa sababu amepata mti. Huu mji wetu wa malori umezika watu wengi, na tusingependa kurudi huko.

Sasa ngozi. Upele unaowasha usiku, hasa katikati ya vidole, huletwa na wadudu wadogo wanaochimba ngozi. Mwaka 1992 kulichapishwa habari za India ambako watu 814 walipakwa mwarobaini uliosagwa pamoja na manjano. Karibu wote walipona kati ya siku 3 na 15. Saga majani mabichi, mafungu manne kwa fungu moja la manjano, mpake mwili mzima. Lakini mkimpaka mmoja na wengine wanalala kitanda kimoja naye, mnapoteza manjano bure. Nyumba yote ipakwe siku moja, na nguo na mablanketi yachemshwe au yaanikwe juani. Mwarobaini huu ni wa kupaka. Mafuta yake mtoto asinyweshwe kabisa, yanaweza kumuua.

Mkanda wa jeshi ni habari nyingine. Kule Kampala, shirika la THETA lililoanza mwaka 1992 liliwakutanisha waganga na madaktari. Walipolinganisha wagonjwa, wale wa waganga walipona sawa na wale wa hospitali, na maumivu yao yaliisha mapema zaidi. Hiyo ni heshima kwa wazee wetu wanaojua miti. Hata hivyo mkanda ukitokea karibu na jicho, nenda hospitali siku hiyohiyo, na kwa kijana ni sababu nyingine ya kupimwa.

Kuna kitu kinatusumbua huku mpakani: tyubu za krimu zinazouzwa bila maelezo. Nyingi zina dawa kali ya kutuliza mwasho. Ukipaka choa, yale mashilingi ya watoto, mwasho unaisha na mama anafurahi, kumbe fangasi inaenea chini kwa chini. Kitunguu saumu nacho msikifunge juu ya ngozi usiku kucha. Kinaunguza kama moto.

Kikundi chenye shamba la pamoja kinaweza kuanza na mashina machache ya mchaichai, malimau mawili na mwarobaini mmoja ukingoni. Chukueni majani, magome yaacheni, ili mti usikauke.