Mnada wa simu: Aliyelipa asinyamaze



Minada ya simu imekwisha ingia mpaka huku kwetu Konde na inawaumiza wanyonge.

Mnada kwetu si jambo geni. Pale Tumbe samaki hunadiwa, na mnunuzi humwona kolekole kwa macho yake, akamgeuza, ndipo akapandisha bei. Akishinda hulipa akaondoka na samaki wake. Katika makundi ya WhatsApp mambo ni kinyume. Inanadiwa picha. Unashindana na watu usiowaona, na pengine wote ni muuzaji yule yule mwenye laini nyingi. Ukishinda unaambiwa ulipe kwanza ndipo mzigo upakiwe Dar es Salaam.

Mama mmoja wa hapa kijijini, anayelea wanawe peke yake, alishinda cherehani kwa njia hiyo. Fedha alizotuma ni za karafuu alizouza ZSTC. Aliambiwa mzigo utashuka Mkoani baada ya siku 4. Alikwenda bandarini mara 2, hapana kitu. Muuzaji kwanza alisingizia meli, kisha akamtoa katika kundi. Majirani wakamwambia amwachie Mungu. Ushauri huo naupinga, maana ndio unaowanenepesha matapeli.

Kabla ya kugombana na muuzaji, mnunuzi ahifadhi ushahidi: picha ya tangazo, bei iliyokubaliwa, ahadi ya siku ya kuleta, na ujumbe wa malipo wenye namba ya muamala na jina la aliyepokea. Afanye upesi, kwani aliyetuma ujumbe anaweza kuufuta hata ndani ya simu yako.

Ikiwa muuzaji ana duka linalojulikana na anachelewa tu, aandikiwe kwa adabu na kwa tarehe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka atimize oda ndani ya siku 30 kama hapana makubaliano mengine. Akishindwa, mnunuzi anaweza kuvunja makubaliano na kudai fedha zake.

Lakini aliyezima simu na kujificha, huyo si wa kuandikiwa barua. Siku hiyo hiyo ipigiwe simu kampuni iliyopitisha fedha, maana zikiwa bado hazijatolewa huenda zikazuiliwa. Kisha mtu aende kituo cha polisi, aeleze, na asitoke bila namba ya RB. Udanganyifu wa namna hii ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, nayo inafika mpaka Zanzibar. Namba ya tapeli ipelekwe pia kwa ujumbe kwenda 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano imeiweka kwa kazi hiyo. Tangu 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo hapana sababu ya kusema hajulikani.

Na akitokea mtu kupiga simu akidai ataurudisha mchango huo kwa malipo kidogo, au akauliza namba ya siri, akatiwe simu. Huyo ni ndugu yake yule wa kwanza.

Kwa wanaotaka kununua bado, ninalowaambia wazazi wa wanafunzi wangu ni hili: mwenye jamaa Dar es Salaam amtume akaione bidhaa na kulipa papo hapo. Asiye na jamaa adai kulipa mzigo ukifika Mkoani. Muuzaji akikataa yote mawili, basi cherehani yenyewe haipo.

Mwisho naiomba Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2018 na yenye kazi ya kumlinda mlaji, itenge japo siku moja kwa mwezi kusikiliza malalamiko hapa Konde. Nauli ya kufuatilia mjini mara 3 au 4 humfanya mtu aone bora apoteze.

Mwalimu,
Konde, Pemba.